Giaboksi Kwanza, Kaburi Baadaye

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Kamati iliniomba habari za kazi yake ziwe mistari miwili tu, "ili tusimuudhi mtu siku ya leo." Niliwasikia, nikakataa. Na mlionuna kwamba mazishi yamesogezwa kutoka jana Ijumaa hadi leo, sababu imo humuhumu, tulieni.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano. Mama alikuwa akisimulia kwamba alitambaa kinyumenyume wiki tatu nzima, na ukimgeuza anapiga kelele nyumba haikaliki. "Mwacheni," baba akasema, "mbele ataenda akitaka mwenyewe."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, katika shule ya mabati nyuma ya soko, akamaliza la saba mwaka 1971. Alifaulu. Nyumbani uwezo ulikuwa wa kumpeleka sekondari mtoto mmoja, akapelekwa kaka, ambaye aliacha baada ya mihula miwili. Dada alisoma vitabu vya kaka vyote. Cha fizikia alikificha chini ya godoro, na hadi leo hakijarudi shuleni.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa katika karakana ya mashua karibu na gati, kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Sikilizeni vizuri: kuosha. Kwa miaka thelathini na nne karatasi zake za kazi ziliandikwa "msafishaji". Lakini anayekiosha kipuri ndiye anayekijua. Kwa kidole tu alitambua kipi kimelika na kipi ni kichafu. Mafundi walimvuta pembeni: "Shangazi, hebu shika hii, imekwisha au bado?" Akishajibu, wao ndio wanaotia sahihi. Mara sita aliomba apimwe ufundi. Mara sita msimamizi wa karakana, ambaye yupo hapa, mstari wa tatu, shikamoo mzee, alimjibu, "Mama, wewe tuoshee tu." Alistaafu mwaka 2013 na ndoo yake mkononi.

Tarehe 14 Agosti 1982 alikuwa amefunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Ilikuwa nyumba ya mafundi wawili, ila mtaani aliyeitwa fundi ni yule wa suruali. Mteja akipiga hodi, "Fundi yupo?", dada anajibu, "Unamtaka yupi?" Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Februari mwaka huu wa 2023 daktari alimwambia moyo wake umepanuka, asinyanyue kitu kizito, alale. Alilala hadi Agosti. Ndipo rafiki yake, mwalimu mstaafu anayeishi ndani ya mashua yake ya tanga, alipokuja amekata tamaa. Ukiweka gia ya nyuma, mashua inakwenda. Ukiweka ya mbele, injini inanguruma na mashua imetulia palepale. Karakana ilimwambia giaboksi imekufa, anunue injini nzima au mashua ipasuliwe kuni.

"Imekufa? Nani kaifungua akaona?" dada akauliza. Hakuna aliyeifungua. Akaagiza iletwe mezani kwake. Msimamizi aliposikia alisema pale gatini, watu wanasikia: "Yule mama akiifufua, nitamwandika fundi kwa mkono wangu mwenyewe."

Shemeji alitoa shuka jeupe. Dada alikuwa na mtindo wake: kila kipuri akikitoa anakilaza kwenye shuka kwa mpangilio kilivyotoka, anakizungushia penseli. Hakuna kuruka shuka, hakuna kupiga chafya. Sahani za klachi ya mbele zilikuwa zimelika mpaka zinang'aa, beringi moja inacheza, sili mbili za kuzuia oili isivuje zimekauka. Vingine vyote vizima. "Wanataka kumzika mtu kwa jino bovu," akasema.

Sasa kosa langu, nalikiri mbele yenu. Siku aliyokwenda kliniki niliona nimsaidie usafi. Kulikuwa na washa kumi na moja, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa kati ya vipuri, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikazifuta, nikazitia zote katika kopo la sukari. Machoni pangu zilifanana. Kumbe kila moja ina unene wake na mahali pake, na ukikosea, shafti inabana au inacheza, na vipuri vipya vinalika upya. Dada alirudi, akatazama shuka, akatazama kopo. "Mdogo wangu, ungeziiba ningekusamehe upesi."

Akaketi, akaanza kupima moja moja kwa maikromita, kile kipimo cha unene, anafunga, anafungua, anafunga tena. Siku kumi na tisa. Nilimwambia anajiua. "Nitakufa hata nikilala," akasema. "Nipe bisibisi." Nilikwenda jikoni nikalia. Siku zile nilimwibia mimi, na zinaniuma mpaka sasa.

Msimamizi alikuja kumjulia hali, akakuta sahani mpya zimelowekwa oili kwenye sufuria, maana klachi ikifungwa kavu huungua siku ya kwanza. "Mama, unapika?" "Ndiyo. Nyinyi mnazila mbichi, ndiyo maana hazidumu."

Alikaza bolti ya mwisho Jumapili, tarehe 15 Oktoba. Akatuita sote. "Nikitangulia, msinizike mpaka iende mbele. Sitaki wabaki wakisema ningeweza au nisingeweza." Alifariki Jumanne tarehe 17, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, shemeji amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, ndugu wanne na kitabu kimoja cha fizikia. Programu mlizoshika zinaishia hapa, kwa kuwa zilichapwa Alhamisi. Kinachofuata nimekiandika kwa kalamu asubuhi hii.

Jana kutwa mafundi walikuwa wakiifunga giaboksi kwenye mashua. Leo saa mbili injini imewashwa, mwalimu kwenye usukani, msimamizi kando yake, kwa hiari yake. Gia ya nyuma, ikaenda. Ya mbele, roho zetu zote juu. Ikaenda! Imetoka gatini, imezunguka boya mara tatu, imerudi. Msimamizi akainama na tochi, akapitisha kidole chini ya giaboksi kutafuta tone la oili. Kidole kikatoka kikavu.

Aliomba brashi na rangi. Kibao cha kaburini mnakiona: neno la kwanza, kabla ya jina la marehemu, ni mwandiko wake. FUNDI. Herufi ya N imepinda, na hatutairekebisha.

Dada, imeenda mbele. Sasa pumzika kwa amani.