Gari Yenye Nilitia Mafuta ya Ngazi mu Frein

Nani kati yenu hapa mu mukutano yetu alishaka kupiga mutu mpaka mukono yake yeye mwenyewe ikavunjika? Munacheka. Munaangaliana. Mama wa kitambaa ya manjano pale, usiinamishe kichwa, sijasema ni weye. Bon. Mimi nainua mukono, na ni hii, ya kuume, angalieni vile mufupa inapita pembeni. Mukae vizuri, juu nikianza kuongea ata mvua hainikatize.

Bandugu yangu, mimi ni mutoto wa mayi, kwetu ni kule Yanonge, baba yangu alikuwaka muvuvi. Masomo nilifanya miaka mbili tu. Baliniolesha kwa bwana moja wa hapa Kisangani, mécanicien, fundi wa magari. Jina yake sitataja, alishakufa, na batoto yake beko hapa mu quartier, mu mutaa yetu. Ilikuwa wakati ya Zaïre, pale vijana balikuwa banatoka ku diamant, kuchimba almasi mu pori, na mifuko imevimba. Na kijana akipata feza anatafuta nini? Makelele.

Sasa mu mji mulikuwa ma deux chevaux, ile gari kidogo ya Bafaransa yenye iko na uso kama chura. Bazungu balikimbiaka, baliziacha mu majani. Ingine muti iliota chini yake na kutokea mu dirisha. Bwana yangu alizikokota mpaka kwetu. Tunafungua boulons, zile nati, carrosserie, ngozi ya gari, inatoka yote kama kofia. Tunakata paa, tunashusha gari mpaka tumbo inataka kulamba udongo, tunatia moteur ya nguvu ya camionnette, lori kidogo, yenye ilianguka, mapine ya upana nyuma, tuyau kubwa ya moshi pembeni. Rangi nyekundu. Ikipita, kuku inaacha mayai. Batu baliziita ngungi, ni kusema mbu, juu ya ile sauti. Ah, ilikuwa kitoko! Ata leo nikiwaza nataka kucheza.

Na ile tôle, bati ya kufunika pine, yenye imevimba kama shavu ya mutu anatafuna, munazani tulitengenezaka na mashini? Na kinu. Kinu yangu ya pondu, ya kutwanga majani ya muhogo. Bwana alikuwa anapiga tôle juu ya jiwe, inajikunja kama karatasi. Siku moja nikamuambia, leta hapa. Nikaweka tôle juu ya kinywa ya kinu, nikapiga na mutwango, polepole, nazungusha, vile mutu anatwanga pondu ya wageni. Ikaingia muviringo. Tangu ile siku ni mimi nilikuwa napika mashavu ya ngungi yote ya Kisangani, na nyumbani tulikula pondu yenye kunuka chuma.

Alors, client moja akasema mbele ya batu, kumbe ni mama ndiye fundi. Bwana akacheka. Client alipoenda, akatwaa manivelle, ile chuma ya kukunjwa ya kuwasha moteur na mukono. Akanipiga nayo ku mugongo, ku magoti, hapa ku sikio, ndiyo maana mukitaka kuniongelesha mukuye upande huu. Alinipiga juu ya sifa. Kisha juu ya chumvi. Kisha juu ya bure. Miaka saba. Nyuma akaenda ku diamant na mwanamuke mwingine, malaria ikamuchukua kule.

Munazani nilipumzika? Nawaambia ukweli, niliokota ile manivelle. Atelier, ile karakana, ikawa yangu, na tabia yake pia nikairiti. Nilipiga bafanyakazi. Nilipiga batoto yangu. Muuzaji wa tôle alinidanganya, nikamupasua mudomo na clé ya kumi na saba, ile ya kufungua boulons, akaacha meno mbili ku mulango yangu. Batu baliniogopa na mimi nilifurahi. Nilizani ni heshima.

Kati ya bafanyakazi mulikuwa mwanaume moja wa Maniema, mutu wa kusali ku musikiti, tulimuita Tonton tu. Yeye alifanya ma frein, breki za gari. Hakupaza sauti ata siku moja. Sasa kijana moja wa diamant, shingo yake kama ya ng'ombe, akaagiza ngungi yake iwe tayari kwa siku ya défilé, gwaride ya mu mji. Mafuta ya frein ilikosekana mu mji wote, bateau, ile meli yenye kuleta, ilikwama ku muchanga kule chini. Tonton anasema tungoje. Mimi nasema hatungoji. Sisi batu ya mayi, mafuta ya ngazi, ile mawese ya kupikia, ni dawa ya yote: kikohozi, mutoto mwenye kuzaliwa, mulango yenye kulia. Nikamuambia atie ile. Akakataa, akasema inavimbisha caoutchouc, mipira ya ndani ya frein, na asubui ya baridi inaganda. Nikamupiga likofi. Nikatia mimi mwenyewe.

Siku ya défilé kijana akapanda, akangurumisha, quartier yote inje inapiga vigelegele. Akashuka ile barabara ya kuteremuka ku mayi. Chini kule kuko ukuta ya magazini yenye ilifungwa. Kishindo tuliisikia mpaka kwetu. Frein ilikuwa imekataa kabisa. Gari ilijikunja, muguu yake ikabaki kati ya moteur na ukuta, na balikata chuma na sumeno juu ya kumutoa.

Haikupita saa moja, bandugu yake bane bakaingia kwangu na fimbo na vyuma. Bakavunja yote, bakapiga kila mutu balikuta. Mukubwa wao akanishika ku nywele, akauliza, "Nani alifanya frein?"

Bandugu yangu. Nilionyesha Tonton.

Bakamuangukia. Na mimi, juu basinizanie, nikatwaa manivelle nikamupiga pamoja nao. Ya kwanza ilimupata ku bega, nilisikia mufupa. Ya pili ku uso, na jicho yake ya kushoto haikuona tena mpaka siku alikufa. Ya tatu, akabiringika, manivelle ikagonga châssis, chuma ya chini ya gari, na nguvu yangu yote ikanirudilia. Mukono ikavunjika kama kuni kavu. Bale bane bakacheka, bakaenda zao.

Nikabaki mu udongo nalalamika kama mbuzi. Munayua nani alikuya kunisaidia? Ni yeye. Anatambaa, uso yote damu. Akakata caoutchouc ya chambre à air, ile ya ndani ya pine, akatwaa vibao mbili, akafunga mukono yangu. Nikamuuliza juu ya nini anafanya vile. Akasema polepole, mudomo yake ilikuwa imevimba:

"Mama, hii mukono inayua kupiga tôle bila kuipasua. Juu ya nini kwa batu haiyui?"

Siku ya ine nikaenda kwa ule kijana. Alikuwa amelala inje, muguu ku mbao, bandugu yake pembeni, mama yao anasonga bugali. Nikapiga magoti mu kiwanja. Nikasema mafuta ya ngazi ni mimi nilitia, ule mwanaume alikataa, nikamupiga juu ya kukataa, kisha nikamusingizia. Mukubwa wao akanipiga teke ku kifua. Kijana akanirushia fimbo yake, ikanipasua hapa ku paji. Na mukono yangu ya kushoto, ile nzima, ikaanza kutafuta jiwe yenyewe. Nikaikalia. Musicheke! Niliitia chini ya matako, nikaikalia, nikaendelea kusema mpaka mwisho. Ni mama yao alisimama katikati na mwiko ya moto, akabaambia baniache, juu nimekuya na miguu yangu.

Aksanti kwa ule mama. Aksanti kwa Tonton, mwenye alirudi ku kazi na jicho moja, na sharti moja: niseme mbele ya batoto yangu ile nilimufanyia. Nilisema. Aksanti kwa bibi yake, mwenye alinilisha miezi mbili, tonge kwa tonge, mimi mwenye nilipofusha jicho ya bwana yake. Aksanti kwenu pia, munanivumilia na maneno yangu marefu.

Ile nilijifunza ni hii. Musizani mutu mwenye alipigwa anakuwa muzuri juu alipigwa. Mimi nilipigwa miaka saba, na nilitoka pale nayua kupiga. Ile tabia ilianza kunitoka tu siku nilitaja kitu nilifanya, mbele ya bale nilibafanyia.

Mwezi yenye ilipita, bibi ya mujukuu yangu moja alikuya kwangu na jicho imefunga, bwana yake alimupiga. Nikamuita ule mujukuu, ananipita urefu mara mbili, nikamukalisha, nikamuelezea hii yote bila kuficha. Franchement, nilizani atacheka. Akaniambia, na eko ndani ya hii nyumba leo, alikuya kusikiliza tu, musigeuke kumutafuta:

"Koko, nikimugusa tena, sitangoja uniite. Nitakuya mimi mwenyewe mbele ya batu ya mukutano yenu, nitasimama, na nitasema."