Chandarua Ndani ya Wavu

Mungu anisamehe: mimi fundi wa nyavu niliwashonea watu chandarua ndani ya nyavu zao. Kwa nje macho mapana, mkaguzi anasifu. Kwa ndani hata kifaranga cha samaki hakipenyi. Sasa maji ya karibu hayana kitu, na mashua ya shemeji yangu, mume wa dada, ilikwenda mbali sana kutafuta. Haijarudi. Asubuhi hii tuko kwenye benchi mbele ya duka la barafu, kahawa mkononi, kila mtu akijifanya hatazami baharini.

— Ni meli kubwa hizo, akasema Redio, ambaye hukosa kazi lakini hakosi habari. Zinafyonza bahari za dunia nzima kama soda na mrija!

— Acha uzushi, akajibu Barafu, mwenye duka. Samaki wapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi wameinama, wako chini kabisa.

— Chini wapi? Chini kuna moto!

— Ndiyo maana barafu yangu inayeyuka bila mnunuzi.

Wakacheka. Mimi nikashindwa.

— Fundi, mbona kimya? Kahawa imekuunguza ulimi?

— Namwomba Mungu tu, ndugu zangu.

— Usiogope, akasema Redio. Maji yakimwagika hayazoleki.

Barafu akampiga kiwiko.

— We! Ndiyo methali ya kumpa mwenye mtu baharini?

— Nilitaka kumfariji, jamani. Ila mimi nasema bahari ina njaa. Tumekula samaki wake wote, sasa inatafuta...

Hakumaliza. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yetu, mtoto mgongoni, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Kaka, nieleze wewe. Mume wangu alikuwa akivua hapa hapa, namwona kutoka dirishani nikipika. Nini kilimpeleka kule?

Redio akatazama ndani ya kikombe. Barafu akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Jibu nilikuwa nalo kooni, na sindano ya kushonea nyavu ilikuwa mfukoni, ikinichoma paja. Upepo ukazidi, na kahawa yetu ikapoa.

Nawe unayesoma, kama una wavu niliokushonea, tafadhali ulete nikifumue kile chandarua.