Bi Sijaona na Saa za Maskati

Bi Sijaona Mselemu aliajiriwa na Mabasi ya Alizeti, hapa Singida, tarehe 1 Machi 1988, akiwa karani wa ratiba. Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2008, anakabidhi funguo za dirisha lake baada ya miaka ishirini na miezi minne. Katika muda huo ameona mameneja watano, rangi nne za mabasi na tovuti moja. Kamati ya kumuaga imeniomba nieleze zaidi habari ya tovuti, kwa sababu wenzangu kila wakianza kuisimulia hucheka wakashindwa kufika mwisho.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa muuzaji katika duka la ushirika, ambako kazi yake kubwa, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kuwaambia watu kwamba sukari haijaja. Serikali ilipofungua biashara, na watu binafsi wakaanza kuleta mabasi, Alhaji Abdulazizi alinunua mawili na kutafuta karani ambaye abiria wangemwogopa. Alimpata. Bi Sijaona aliandika saa ya kuondoka ubaoni kwa chaki, na basi liliondoka saa hiyo hiyo, hata siku ile ya mwaka 1991 ambapo Alhaji mwenyewe alikuwa bado anakunywa chai. Alilikimbilia hadi kwenye kizuizi cha mazao, kikombe mkononi. Jioni yake alimpandisha Bi Sijaona cheo.

Mwanzoni mwa mwaka 2005 Alhaji aliamua kampuni iwe na tovuti, ili jamaa walioko ng'ambo waweze kuwaandikishia ndugu zao viti. Aliletwa Idrissa, kijana msomi aliyehitimu mambo ya kompyuta, mwenye adabu na mkoba wenye mifuko mingi. Idrissa aliweka juu kabisa ya ukurasa maneno haya: "Karibu Alizeti. Sasa ni saa..." na kompyuta ikamalizia yenyewe.

Tatizo ni kwamba mtambo uliotunza tovuti yetu ulikuwa Marekani, na ulitaja saa za huko. Siku ya uzinduzi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, jua likiwaka, tovuti ilitangaza kwamba ni usiku wa jana. Abiria mmoja wa Misigiri aliichapisha kwenye karatasi, akaileta dirishani.

"Mama, nikipanda leo nitashuka lini?" aliuliza.

"Utashuka jioni," alijibu Bi Sijaona. "Hao wa kwenye karatasi ndio sijui."

Idrissa aliomba radhi na kubadilisha mpango. Sasa tovuti ingesoma saa kutoka kwenye kompyuta ya mgeni mwenyewe, popote alipo. Lilikuwa wazo zuri mpaka lilipofika Shelui. Kompyuta ya wakala wetu kule, Esta, ilikuwa na betri ya ndani iliyokufa, na kila ikiwashwa iliamini ni tarehe mosi Januari mwaka 1980. Abiria wa kwanza aliyeandikishwa pale aliambiwa na tovuti kwamba basi lake litaondoka baada ya siku elfu tisa mia mbili thelathini na sita. Esta alipiga simu ofisini.

"Shikamoo Bi Sijaona. Abiria anauliza kama aje na godoro."

Yote hayo yalikuwa ya kucheka. Mwezi Agosti hatukucheka.

Abdulkadiri, fundi cherehani wa hapa mjini, alikuwa anakwenda Manyoni kumwoa Nasma. Ndoa ilipangwa baada ya swala ya alasiri. Kaka yake aliyeko Maskati aliwaandikishia viti kumi na viwili kwenye basi letu la saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta huandika saa hiyo kama 6:00. Lakini Maskati wako mbele yetu kwa saa moja, na tovuti, kwa kujali mgeni, ikamwonyesha 7:00. Kaka mtu, mtoto wa Singida, akaisoma kama tunavyosoma sote. Akapiga simu nyumbani: "Basi ni saa saba. Msichelewe."

Hawakuchelewa. Saa sita na nusu mchana walifika stendi wakiwa wamependeza, bwana harusi ndani ya kanzu na joho jeusi, shangazi wawili na sanduku la vyombo. Basi lilikuwa limeshaondoka tangu alfajiri, tena kwa saa ya ubaoni. Hapakuwa na lingine mpaka kesho yake.

Bwana harusi aliketi juu ya sanduku. Alisema kwa sauti ndogo kwamba baba yake Nasma hakuwahi kumtaka, na kwamba alishamwonya: swala ikiisha bwana harusi hajaonekana, turubai la harusi linafunguliwa kamba na kila mtu anakwenda kwake. Shangazi mmoja alianza kulia. Idrissa alitoka nje na mkoba wake, akaeleza habari ya majira ya dunia, na shangazi wa pili naye akalia.

Bi Sijaona alifunga dirisha. Sisi tuliomzoea tulishtuka, kwani hajawahi kulifunga kabla ya saa kumi. Alimpigia simu Kauthar, wakala wetu wa Manyoni, akamwambia aende kwenye harusi, akae mlangoni na asimruhusu mtu yeyote kugusa kamba ya turubai. Kisha akavuka barabara hadi kwa Ezekieli, dereva aliyekuwa akipakia kuku kwenye lori la kwenda Dodoma kupitia Manyoni.

"Ezekieli, una nafasi ya watu kumi na watatu?"

"Mama, nina nafasi ya kuku."

"Hiyo hiyo inatosha."

Mtu wa kumi na tatu alikuwa yeye. Shangazi walikaa mbele na dereva. Waliobaki walipanda nyuma katikati ya matenga, na Bi Sijaona, wakati huo akiwa na miaka hamsini na saba, alikaa nyuma nao, akimshikia bwana harusi kofia. Idrissa alisema kosa ni lake na yeye ndiye angepaswa kwenda. Bi Sijaona alimwambia abaki: "Wewe ukieleza watu wanalia."

Walifika Manyoni saa kumi na moja kasorobo. Kauthar alikuwa ameikalia kamba. Baba wa bibi harusi alimtazama mkwewe, ambaye joho lake sasa lilikuwa na manyoya ya rangi zote, akauliza huyu ni nani na anauza nini.

"Shikamoo mzee," alisema Bi Sijaona, akishuka. "Kosa ni la ofisi yetu." Akamweleza taratibu: saa ya hapa, saa ya Maskati, na namna kompyuta inavyohesabu tofauti na sisi.

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo kijana hakuchelewa?"

"Hakuchelewa, mzee. Aliwahi nusu saa. Ila aliliwahi basi ambalo halipo."

Mzee alijaribu kukunja uso akashindwa. Alicheka hadi akashika nguzo ya turubai, akamchomoa mkwewe unyoya mmoja sikioni, akamwita shehe. Ndoa ilifungwa. Wana watoto wawili sasa.

Bi Sijaona aliporudi alivuta kiti hadi kwenye meza ya Idrissa. Alisema saa ya basi isigeuzwe kwa ajili ya mtu yeyote; iandikwe ya Singida, kwa maneno, na iseme kama ni asubuhi au jioni. Kuhusu saa ya mgeni, kompyuta ikisie, halafu imuulize.

"Imuulize nini, Bi Sijaona?"

"Kama wanavyouliza watu wenye adabu. Kwako sasa ni saa ngapi?"

Idrissa alisema katika masomo yake hakuna aliyewahi kufundisha hivyo. Lakini aliandika: "Tunadhani ulipo sasa ni saa tatu asubuhi. Ni kweli?" na chini yake Ndiyo na Hapana. Tangu siku hiyo hakuna abiria wa mtandao aliyeachwa. Tulipata pia barua za ajabu. Editha, binti wa Ikungi anayesoma uuguzi nchi ya baridi, aliandika kwamba hana safari yoyote. Hufungua ukurasa wetu mara moja moja, kwa sababu hakuna mwingine kule anayemuuliza kwake ni saa ngapi. Bi Sijaona aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akasema chaki imemwingia jichoni. Ubao tulishauondoa miaka miwili kabla.

Anahamia Ikungi, kwa dada yake, kufuga mbuzi. Bi Sijaona, tunakushukuru kwa ukali wako, kwa ukarimu uliouficha nyuma yake, na kwa kupanda lile lori. Nenda na afya na amani. Kesho basi la kwanza litaondoka bila wewe kulihesabia dakika. Wewe lala, uamke utakapotaka.

Leonidas, Idara ya Vifurushi