Vioo Alivyosugua Hadiya

Sogeeni wanangu, Rahim, na wewe Salehe, zima hiyo redio, maana pumzi iliyonibakia ni ya kusema mara moja tu, na ninayetaka kumwona hapa hayupo. Mmemtupia dada yenu Hadiya nguo nje, amekwenda kulala kwa shangazi yenu Buzuruga, eti kaharibu vioo. Vioo vya nani? Si vyangu?

Ni kweli vimekwisha. Maisha yangu yote nilivikusanya kutoka ofisi za zamani za wanunuzi wa pamba, hapa mjini hadi Magu, vile vizito vya kukandamizia karatasi, vyenye maua ndani, watu wakanicheka kwamba Muharami anaokota mawe. Sikilizeni, nikifa hakuna wa kuwaambia tena. Kioo usikitazame uso, kigeuze. Kilichokaa mezani miaka mingi kina mikwaruzo midogo chini, imepishana ovyo. Kilichopigwa msasa juzi ili kionekane cha kale, mikwaruzo yake inaelekea njia moja. Kisha tafuta kovu, pale fundi alipokikata, kingali cha moto, kutoka kwenye fimbo ya chuma aliyokishikia. Mafundi wa Ufaransa mara nyingi walilisaga likawa laini, wengine waliliacha likwaruze kidole. Hivyo ndivyo nilivyojua kipi kimetoka wapi.

Sasa sina cha kuthibitisha, wala hatajua mtu. Hadiya alisikia mgeni wa makumbusho anakuja kuvitazama, akavibeba kwenye beseni hadi ziwani, akavisugua kwa mchanga na majivu kama tunavyosugua masufuria tukiwa na mgeni, na chini akapasugua zaidi kwa kuwa ndiko alikoona uchafu, alama zote za kale zikapotelea kwenye mikwaruzo mipya. Yule bwana aligeuza kimoja, akageuza cha pili, akaaga bila hata kunywa chai. Nililia, ndiyo, mlinisikia. Moyo wangu umetangulia kufa, sitawadanganya.

Lakini wewe Rahim nilikufundisha haya yote, na ulimwona anapita na lile beseni. Ulimwambia nini? Ulikuwa umeinamia simu yako! Halafu wewe ndiye wa kumfukuza? Loo! Anayenigeuza kitandani ni nani? Anayeninywesha uji ni nani? Mnanitia uchungu kuliko vioo.

Basi. Nizikeni kando ya mama yenu, msinicheleweshe. Nyumba hii msiiuze, na chumba cha uani ni cha Hadiya, asitolewe na mtu, hata na wake zenu. Vioo mpeni vyote, hata akitaka kuvitupa. Nipe maji, Salehe... polepole.

Naona mmeinamisha vichwa, mnangoja niwaombee. Sina cha kuwapa, wanangu. Radhi yangu yote... nimeiweka kwake, na ya kwenu imo humo. Nendeni Buzuruga mkamwombe. Akiwapa, mmepata. Akikataa... mimi sitakuwepo.