Bwana Taratibu na Besi wa Ishirini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwenzetu tunayemwita Bwana Taratibu anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa samaki kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hiyo miezi minne ameihesabu mwenyewe na ameniagiza nisiisahau. Mimi ni mtunza stoo, niliyemkabidhi mishipi na ndoana kwa miaka kumi na miwili. Niliwahi kuomba kuandika wasifu huu kabla dereva wetu hajajitolea, maana yeye angetia chumvi.

Kazi yake ilikuwa kuvua samaki aina ya besi wakiwa hai, wapimwe, wavishwe alama, kisha warudishwe ziwani. Ukisikia hivyo utadhani ni mchezo. Ziwa letu lina kina kirefu na maji maangavu, kiasi kwamba samaki anakuona kabla hujamwona. Mshipi mnene anaukwepa, chambo kikubwa anakidharau. Basi Bwana Taratibu alitumia mshipi mwembamba kama unywele, ndoana ndogo, na chambo laini kisichozidi kidole cha mwisho. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, aliiacha ilale sakafuni mwa ziwa, na ndoana ikaelea shubiri moja juu yake. Hapo alitikisa ncha ya fimbo ya kuvulia kidogo tu, akasubiri, akasubiri tena. Samaki akinasa alimpandisha polepole, asije akafika juu tumbo limemvimba hewa. Amevisha alama samaki zaidi ya elfu tisa kwa mtindo huo.

Ndani ya boti lake viatu vilikuwa marufuku na maongezi yalikuwa ya kunong'ona. Mazoea yana tabu. Mwaka mmoja tulikwenda naye ziwani sote wiki nzima, na Jumatatu iliyofuata tukaingia kwenye kikao cha wageni bila viatu, tukatoa taarifa zetu kwa kunong'ona. Wageni wakatupa pole. Mmoja akauliza marehemu alikuwa nani na mazishi ni lini. Shemeji yetu, mke wa Bwana Taratibu, naye analalamika kwamba hajawahi kumsikia mumewe akifunga mlango, hivyo hupika bila kujua kama yupo au ametoka.

Miezi mitatu iliyopita kicheko kilikatika. Mkurugenzi alitangaza kwamba huyu akiondoka tutatumia nyavu, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kazi yake. Nyavu zinaua. Bwana Taratibu aliomba jambo moja tu: akipatikana mtu wa kuvua besi ishirini hai kabla ya siku yake ya kuondoka, nyavu zisiletwe. Mkurugenzi akakubali. Dereva hawezi kunyamaza, daktari wa samaki hupiga chafya kila jua likimpiga usoni. Nikabaki mimi.

Nina mkono mzito, sikatai. Wiki ya kwanza nilikata mishipi kumi na mmoja, yote nikijiidhinishia mwenyewe stoo. Samaki akigusa tu, mimi navuta kama ninang'oa kisiki. Bwana Taratibu hakunigombeza. Alinikalisha kwenye meza ya kupimia samaki, akanifunga uzi kidoleni, akaniamuru nifumbe macho, kisha akaugusa kutoka upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa kusema ni yeye au ni upepo wa dirishani. Siku nne tulishikiana uzi kama vichaa, mpishi akitucheka hadi akaunguza chakula. Siku ya tano nilimjua yeye, nikaujua upepo.

Hadi Alhamisi iliyopita nilikuwa na kumi na tisa. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mwisho ziwani, na tangu asubuhi hakuna kilichogusa. Saa tisa alasiri uzi ukasema. Sikuvuta. Roho ilikuwa juu, mikono ikatulia, na yule besi akapanda mita ishirini bila haraka, mrefu kuliko mkono wangu hadi kiwikoni. Tulimpima, tukamvisha alama, tukamwachia, tukamtazama akishuka mpaka kiza cha chini kikamficha.

Wakati wa kurudi, Bwana Taratibu aliniachia makasia, akakaa mbele wanapokaa wageni. Alilia, kisha akacheka, na mimi nikafanya vyote viwili kwa pamoja. Mkurugenzi alitungoja gatini, akazifuta nyavu kwa maandishi kabla hatujavaa viatu.

Asante, kaka yetu. Wafanyakazi wote tunakuombea siku njema, afya na usingizi mnono. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi boti litatoka kama kawaida, na nitakuwemo mimi. Wewe lala.