Asali Niliyoing'arisha Hadi Mwenyewe Akaikana

Bwana Yesu asifiwe sana, ndugu zangu! Wale mnaosoma haya mkiwa kazini, itikieni kimoyomoyo. Bwana anasikia, na bosi hatajua.

Mchungaji aliniomba nisimame ibadani nishuhudie. Nilisimama. Nikazungumza muda mrefu kuliko mahubiri, nikatumia maneno ya chuo kikuu, na nilipoketi mke wangu akaninong'oneza kwamba nimeshuhudia kila kitu isipokuwa kile Mungu alichonitendea. Kwa hiyo naandika upya, kwa ufupi kadiri nafsi yangu inavyoruhusu, na safari hii naanza na dhambi yenyewe.

Nilikuwa mtumwa wa kung'arisha.

Kazi yangu ni kutengeneza maduka ya mtandaoni. Mtu ana bidhaa, anataka iwafikie watu walio mbali kwenye simu zao. Mimi namjengea duka lake kwenye tovuti, nalitafutia sura na rangi na picha, kisha naliundia vile vifaa vidogo ambavyo duka lake peke yake linavihitaji: cha kumwambia mteja mzigo utafika lini, cha kupokea maoni, na vingine vya namna hiyo. Niliisomea kazi hii, nikaifanya Dar es Salaam miaka mingi, kisha nikarudi nyumbani Tabora, nikachukua chumba cha mbele cha nyumba yetu mtaani Mtendeni na kubandika mlangoni karatasi yenye cheo nilichojipa mwenyewe.

Ndugu zangu, niliokoka nikiwa kijana. Lakini kuna kiungo kimoja kilichochelewa kuokoka, nacho ni mkono wa kulia, huu unaoshika kipanya cha kompyuta. Mkono huu haukuweza kukiona kitu kilivyo ukakiacha. Picha yetu ya harusi niliisafisha mara nne. Masikio yangu yalipungua, taya likajitokeza. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba yule bwana harusi ukutani hamjui, lakini anaonekana mtu mzuri.

Basi, akaja Mama Kabula. Huyu ni mama wa kanisa kutoka kijiji cha Kigwa, wilaya ya Uyui, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaofuga nyuki katika misitu ya miyombo huko. Ana umri wa mama yangu mzazi, mfupi, si msemaji sana. Wenzake waliamua chupa za asali yao zibebe jina lake, kwa sababu, walisema, hakuna mtu Kigwa aliyewahi kununua kitu kwa Mama Kabula akarudi kulalamika. Kwa hiyo kibandiko kilisomeka "Asali ya Mama Kabula".

Siku aliponikabidhi kazi aliniambia, "Mwanangu, asali ikimwagika tutarina nyingine. Jina langu ulibebe vizuri."

Nikamwambia asiwe na shaka kabisa. Watu wanaosema hivyo, ndugu zangu, waogopeni.

Sasa, asali ya kwao, kwa msioijua, si ya dhahabu. Ni nyekundu inayokaribia weusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Juu ina povu kidogo, ndani utakuta chembe ya nta, na siku nyingine mguu wa nyuki aliyekataa kuacha kazi. Inanukia moshi kwa mbali. Mtu wa Tabora akiiona hivyo anameza mate. Mimi nilipoipiga picha niliona aibu. Nikajiuliza, watu wa Dar watatuonaje? Nikaondoa povu. Nikaondoa nta. Nikamwondoa nyuki. Nikaongeza mwanga mpaka chupa ikawaka kama taa, na nyuma yake nikaweka ua la manjano ambalo halioti popote katika wilaya ya Uyui, na nadhani halioti popote duniani.

Duka likapendeza! Nilikuwa nalifungua kila asubuhi kabla sijafungua Biblia.

Oda zikaanza kuja. Kubwa kuliko zote ilitoka kwa Dada Zuhura, mwenye duka la vyakula vya asili Dar es Salaam. Maboksi yakapanda basi, yakafika salama. Akafungua, akaona asali nyeusi. Akatazama simu, akaona asali ya dhahabu. Wewe ungefikiri nini? Alifikiri hivyo hivyo. Akaandika kwenye duka letu, katika kile kifaa cha maoni nilichokiunda kwa mikono yangu, kwamba ametumiwa sukari guru iliyoyeyushwa na kwamba huyo Mama Kabula ni tapeli. Wateja wengine wawili wakaandika baada yake, kwa ukali zaidi.

Hapo ndipo nilipopaswa kutubu. Badala yake niliunda kifaa kingine. Nilikaa kutwa nzima nikaandika programu ndogo ya kuficha maoni yoyote yenye maneno kama "tapeli" na "sukari guru". Ilifanya kazi ajabu! Katika maisha yangu sijawahi kuandika programu safi kama ile, na nilijisifu kwa mke wangu wakati wa chakula. Yeye aliacha kula, akanitazama, akaendelea kula. Mama Kabula aliponipigia kuuliza wateja wanasemaje, nilimjibu kwamba wako kimya. Na kweli walikuwa kimya, nilikuwa nimewanyamazisha.

Lakini mdomo wa mtu haufungwi na programu. Dada Zuhura alilipeleka jambo lile kwenye kundi la simu la wauza asali, na humo alikuwamo mpwa wa mmoja wa akina mama wa Kigwa. Jumapili iliyofuata, watu walipokuwa wanatoka ibadani, kijiji kilikwisha kujua. Kikundi kikapanga kukutana Jumamosi, kuamua kama jina la Mama Kabula liondolewe kwenye chupa na yeye apumzike uenyekiti. Mimi nilikuwa Mtendeni nikichagua rangi ya vitufe.

Alhamisi asubuhi Mama Kabula alifika nyumbani kwangu. Mke wangu ndiye aliyemfungulia. Nikiwa chumbani nilimsikia mgeni akisema "Mwangaluka" taratibu, ile salamu yetu ya asubuhi, kisha akauliza habari za watoto, za mahindi, na za goti la mama mkwe wangu. Hapo nikafunga kompyuta. Angekuja kwa matusi ningejua pa kujificha.

Nikatoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe duka langu."

Ndugu zangu, hakuwahi kuliona! Simu yake ni kiswaswadu cha kupiga na kupokea tu. Nilimwahidi tangu mwanzo kwamba nitamwonyesha picha kabla sijamwonyesha mtu mwingine, kisha nikaona mtu wa Kigwa ataelewa nini mambo ya usanifu. Nikafungua kompyuta. Akavuta kiti karibu. Akaitazama ile chupa inayowaka, na lile ua, kwa muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Hapana, mwanangu. Hii siijui."

Nilianza kumweleza habari za mwanga. Nilikuwa nimefika kwenye viwango vya kimataifa pale mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, aliposema bila kupandisha sauti, "Baba Neema, mwambie na ile programu."

Nikamwambia. Akaomba nimsomee yale maoni, yote. Kwa hiyo niliketi sebuleni kwangu nikamsomea mama mwenye umri wa mama yangu neno "tapeli" usoni pake, mara tatu, kutoka kwa watu watatu. Hakulia. Mimi ndiye niliyeshindwa kuimalizia ya tatu.

Kisha akafungua kanga aliyoishika, akatoa chupa ya asali yao, akaigeuza juu chini. "Angalia."

Aliyewahi kununua asali katika mji huu anakijua kitendo hicho. Unaigeuza chupa, unakitazama kiputo cha hewa. Asali iliyotiwa maji, kiputo hukimbia. Asali iliyokomaa, kiputo hupanda kama mzee anayepanda mlima naye hana miadi. Wataalamu watasema kipimo hicho hakitoshi, nao wana vipimo vyao, nawaheshimu. Lakini sokoni mkono hugeuza kwanza.

Kiputo kikaanza kupanda. Tukakikodolea macho watu watatu. Kikapita chembe ya nta, kikasimama kidogo, kikaendelea.

Kikiwa bado njiani, nilimkumbuka babu wa babu yangu. Alikuwa mpagazi, kama wanaume wengi wa hapa zama za misafara, na katika ukoo wetu linasimuliwa jambo moja tu juu yake: alitoka Unyanyembe, hapa hapa Tabora, na mzigo wa watu begani, akatembea miezi hadi pwani, na ulipofunguliwa ulikuwa ule ule. Hakuufungua njiani ili auongezee urembo. Mimi mjukuu wake, mwenye shahada, nilipewa jina la mama mmoja, lisilo na uzito hata wa kibaba. Sikulibeba kwa miguu hata hatua moja. Nami nikalifikisha Dar es Salaam likiwa utapeli.

Kiputo kilipofika juu, mimi nilikuwa nimepiga magoti. Sikupanga! Kwa mtu anayepanga hadi kivuli cha kitufe, huo peke yake ni muujiza. Nikaomba ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba: "Bwana, nimedanganya. Nisaidie niache." Halikuwa na neno hata moja la chuo kikuu.

Mama Kabula akaitikia amina, akasubiri kidogo kwa heshima, kisha akasema, "Inuka sasa. Jumamosi ni keshokutwa."

Mchana ule ule tulikuwa Kigwa, mbele ya ghala lao. Nikamrekodi Mama Kabula akigeuza chupa, moja kutoka kila ndoo. Kila ndoo tukaipa namba, na namba ikaandikwa kwenye vibandiko vya chupa zake. Nikaliundia duka kifaa kipya: mteja anaandika namba ya chupa yake, anaiona asali ya ndoo ile ile ikigeuzwa, nyeusi ilivyo, kwenye mkono wenye kucha iliyopasuka, na ukuta wa udongo nyuma. Katika video ya kwanza kuku mmoja alipita, akasimama katikati, akaitazama kamera kama mwenye mali. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kumfuta. Kipanya kilikuwa juu yake kabisa. Msicheke, ndugu zangu, kwangu ilikuwa vita! Kwa neema ya Mungu, nikamwacha kuku.

Kisha nikafuta ile programu ya kuficha. Maoni yote yakarudi, yale ya tapeli yakiwa juu. Chini yake nikaandika kwa jina langu kamili kwamba asali ni ya kweli, picha ndizo zilizokuwa za uongo, nilizitengeneza mimi, na Mama Kabula hakuwahi kuziona.

Ijumaa nikampigia Dada Zuhura. Kwanza alinisema, kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, na sikumkatiza maana nilistahili. Nikamwomba afungue video huku akigeuza mojawapo ya chupa tulizomtumia. Akaigeuza. Nilisikia feni ya dukani kwake ikizunguka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kiputo kinapanda kama cha kwake." Kisha akauliza, "Na kuku huyu ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa pale pale ghalani, na kwamba nilikaribia kumfuta.

"Basi huyo ndiye aliyeniaminisha," akasema. "Mwongo angemwondoa kuku."

Ndugu zangu! Miaka yote ya masomo, na nimekuja kutetewa na kuku.

Jumamosi nilisimama mbele ya akina mama wa Kigwa nikakiri yote, bila picha. Kisha nikaweka simu mezani, sauti nimeifungulia wote wasikie, na Dada Zuhura mwenyewe akazungumza kutoka Dar es Salaam. Akamwamkia Mama Kabula, akasema kwamba amekwisha kulieleza jambo kwenye lile kundi la wauza asali, akaomba radhi kwa kumwita tapeli.

Mama Kabula akainamia simu. "Ulionyeshwa uongo, binti yangu, ukasema kama ulivyoonyeshwa. Sasa endelea kusema ulichokiona."

Akina mama hawakupiga kura. Mmoja alichukua gundi, akaanza kubandika vibandiko kwenye chupa za ndoo iliyofuata, na wengine wakamfuata. Jina likabaki! Naandika haya na bado lipo. Dada Zuhura naye bado anaagiza, na wateja wake humuulizia kuku.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Namshukuru Mama Kabula, aliyenipa kazi nyingine ya duka lile lile kwa sharti kwamba kila ninachokitengeneza nakwenda kumwonyesha Kigwa kwanza. Namshukuru mke wangu kwa sentensi moja aliyoisema na sinia mkononi. Picha yetu ya harusi nimeirudisha ilivyokuwa. Masikio yamerejea ukutani, makubwa, yanaonekana hata kutoka barabarani. Alipoyaona alisema, "Karibu nyumbani."

Na wewe ndugu unayesoma, ambaye una kitu ulichokisafisha mpaka wa kwenu hawakitambui, nakualika leo. Usingoje kiwe kizuri ndipo ukilete. Mpelekee Bwana chupa ilivyo, na moshi wake, na nta yake, na mguu wa nyuki. Mwache aigeuze. Kiputo kitachukua muda wake, nawe utatokwa jasho, lakini mtumaini. Yeye anaijua asali yake kuliko picha.

Na kuku akipita, mwache apite. Amina.