Programu ya Birame Inahamia Linux

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya redio, mtaa wa Médina, Dakar, pale Yacine anapouza kahawa ya Touba inayowasha koo. Hatujawahi kukubaliana juu ya lolote hapo. Jumapili ile tulimkuta Birame hajagusa kikombe chake. Programu aliyoiandika, inayotunza makundi ya damu ya wajawazito wa zahanati yetu, imekaa miaka sita kwenye Windows. Sasa kompyuta mpya zimekuja na mfumo mwingine, Linux, na Jumatatu asubuhi zile za zamani zinaondolewa. Mke wangu ana mimba ya miezi minane na kliniki yake ni hapohapo.

— Nilikuambia uandike upya kwa lugha ya Java, akasema Kebo, fundi wa mitandao. Unaandika mara moja, inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote.

— Upya? Kwa siku moja? Birame akamkodolea macho.

— Kebo anaisifia Java kwa sababu ndiyo lugha pekee anayoijua, akadakia Ousseynou, tunayemwita Profesa tangu afeli chuo mara mbili. Ifungie Windows ndani ya Linux, bwana. Programu haitajua kama imehama.

— Na siku ikijua? akauliza Birame.

— Haijui, wallahi!

— Basi tuachane na yote mawili! Kebo akapayuka. Tuunde mfumo wetu wenyewe. Mfumo wa Médina!

— Kwanza lugha yetu, akasema Profesa. Halafu vyombo vyetu. Mfumo mwisho.

— Lini, na intaneti ya shangazi yako imekushinda tangu sikukuu ya Tabaski, Kebo? nikauliza.

— Nyamazeni! Birame akafoka. Nimeshachagua. Nimepata kompaila, chombo cha kugeuza msimbo nilioandika kuwa programu, inayotengeneza programu ya Linux humuhumu kwenye laptopu yangu ya Windows. Leo asubuhi imemaliza bila kosa hata moja. Imeandika: imefaulu.

Tukashusha pumzi. Profesa akaagiza kahawa nyingine kwa wote.

Hapo akatokea Sokhna, mkunga wa zahanati, bado amevaa sare. Akatusalimu, akauliza hali za nyumbani, akakataa kukaa.

— Birame, mdogo wangu, iko tayari?

— Tayari, dada. Imefaulu.

— Alhamdulillahi. Hebu nifungulie nione kundi la damu la mama mmoja tu, yeyote.

— Hapa haifunguki, dada. Hii yangu ni Windows.

— Haya. Umeiona ikifunguka kwenye mashine gani?

Birame akamtazama Kebo, Kebo akamtazama Profesa. Tangu asubuhi tunabishana juu ya Linux, na benchi zima hakuna mwenye nayo.

Nikainuka, nikampigia mke wangu nimuulize kundi lake la damu.

— Mimi nitajuaje? akasema. Si limo kwenye kompyuta ya zahanati?